Kompyuta Kuukuu na Diski ya Debian

Wateja wengi huniletea kompyuta kuukuu na ombi moja: "Fundi, nipigie Windows." Mimi huuliza kwanza, utaifanyia kazi gani? Kama ni kuandika barua, hesabu za duka au mitihani ya wanafunzi, basi hiyo Pentium 4 iliyojaa vumbi bado ina kazi. Inaniuma kuona mashine nzima ikipimwa kwa kilo pamoja na chuma chakavu. Windows XP iliyokuja nayo, Microsoft iliacha kuilinda Aprili 2014, na Windows 11 haiingii humo kabisa. Kwa hiyo naweka Debian, mfumo wa Linux usio na ada ya leseni, unaotengenezwa na watu wa kujitolea tangu 1993.

Watu hushangaa nikitoa diski badala ya fleshi. Kompyuta nyingi za miaka ile hazijui kuwaka kwa fleshi. Utaichomeka na zitaendelea kana kwamba hakuna kitu. Diski zinafahamiana nayo. Ila soma maandishi ya kwenye mlango wa diski: kama ni CD tu, DVD haitasomeka. CD hubeba MB 700, DVD ya kawaida GB 4.7. Mlango ukiruhusu, natumia DVD ya kwanza ya Debian, maana karibu kila kitu cha ofisini kimo, na sili bando la mtu.

Kisha prosesa: ni ya biti 32 au 64? Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena diski ya kusakinishia mashine za biti 32. Hizo nazipa toleo la 12. NetBSD na OpenBSD, za ukoo wa Unix, bado zinazipokea, lakini zinamfaa zaidi aliyezoea kuandika amri.

Hatua ninayoiheshimu kuliko zote ni kuchoma diski. Faili la ISO halinakiliwi kama wimbo. Huchomwa kama taswira nzima, ili kompyuta ikiwaka ikute pa kuanzia. Kabla ya kuchoma nalinganisha namba ya SHA256 ya faili nililopakua na ile iliyotangazwa na Debian. Ikitofautiana hata herufi moja, faili si lenyewe, nalipakua upya. Halafu nachoma kwa kasi ndogo. Lenzi za mashine hizi zimechoka: diski iliyochomwa kwa pupa husomeka vizuri kwenye laptopu mpya, kisha ikagoma katikati ya kazi kwenye kompyuta ya zamani.

Unapowasha, bonyeza F12 kama ni Dell (kwingine ni Esc au F9) na uchague diski. Maswali ya lugha, kibodi, saa na nywila ni mepesi. La hadidiski si jepesi. Ukikubali itumike yote, kila kilichokuwamo kinafutika. Nakuomba sana, toa kwanza nyaraka na picha. Picha ya marehemu bibi yako haina nakala kwa fundi yeyote.

Ukiulizwa mwonekano wa skrini, iache GNOME, chagua Xfce au LXDE. RAM ya MB 512 haiibebi GNOME. Kubali pia eneo la swap, sehemu ya hadidiski inayosaidia RAM inapojaa.

Mwisho nakagua betri ya CR2032 kwenye mazabodi. Ikiwa imekufa, kompyuta inajiona iko miaka mingi nyuma, na tovuti zinakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Betri mpya na saa sahihi humaliza tatizo. LibreOffice itaandika na kuchapa kwa utulivu. Video na tovuti nzito zitaisumbua mashine, na hilo namwambia mteja kabla hajalipa.