Paa Moja, Kazi Mbili

Wasikilizaji, mtu anayejenga mjini hupigia hesabu kila hatua ya kiwanja chake. Lakini paa, ambalo hupigwa jua kutwa, hulipa kazi moja tu: kuzuia mvua. Je, haliwezi kutupa umeme na mboga pia?

Linaweza. Kusini mwa London, Uingereza, uko mtaa uitwao BedZED, uliokamilika mwaka 2002 kwa ramani ya msanifu Bill Dunster. Nyumba zake 82 zina vioo vikubwa upande wa kusini, ili jua la majira ya baridi lizipashe joto. Paneli za umeme wa jua zimeunganishwa na majengo yenyewe, na juu ya mapaa kuna bustani za wakazi. Mambo hayo yalipangwa tangu kwenye ramani.

Wazo hilo tuliige, lakini ramani yao tusiinakili. Vioo vile hapa Dar es Salaam vingegeuza sebule kuwa tanuri. Kwetu jua hupita karibu na utosi, na katikati ya mwaka huegemea kaskazini. Kwa hiyo paneli zetu huinamishwa kidogo tu, zikitazama kaskazini.

Aidha, paneli hutaka mwanga, si joto. Joto lake likizidi nyuzi 25 za sentigredi, kila nyuzi moja ya ziada hupunguza umeme kwa karibu asilimia 0.4. Mimea iliyo chini yake hutoa mvuke na kupoza hewa. Nacho kivuli cha paneli huzuia udongo kukauka upesi. Na maji? Paa la mita za mraba 100 hupokea lita 100 kwa kila milimita ya mvua.

Hatari ni uzito. Udongo uliolowa wa kina cha sentimita 15 huweza kufika kilo 250 kwa kila mita ya mraba. Zege lisilokusudiwa mzigo huo hupata nyufa, maji yakapenya, na chini yake wamelala watoto.

Basi, mnaojenga, mwulizeni mhandisi kabla ya kumwaga zege. Wenye mapaa ya bati, kenchi zikaguliwe kwanza, ndipo paneli zipande juu; mboga pandeni kwenye viroba uani, mkizimwagilia maji ya paa.

Kubadili ramani ni kazi ya kalamu. Kubadili zege ni kuvunja. Tuonane wiki ijayo.