Fahamu: Hadithi ya kutisha iliyogeuka baleti ya Krismasi

Kila Desemba, kumbi za Marekani hufurika watazamaji wa The Nutcracker, baleti ya msichana na mwanasesere wa mbao wa kubangulia njugu. Asili yake si tamu hivyo. Katika hadithi ya Mjerumani E.T.A. Hoffmann ya 1816, mfalme wa panya ana vichwa saba, na msichana Marie anajikata mkono kwa kioo cha kabati. Mwaka 1844 Mfaransa Alexandre Dumas aliisimulia upya, kwa upole zaidi. Msanifu wa dansi Marius Petipa aliegemea toleo hilo kubuni baleti, naye mtunzi Mrusi Tchaikovsky akatunga muziki. Ilipozinduliwa St Petersburg Desemba 1892, wakosoaji waliiponda: watoto wengi mno jukwaani! Tangu msanifu wa dansi George Balanchine aiandae New York mwaka 1954, watoto haohao ndio wanaowafanya wazazi wanunue tiketi.