Je, Wajua? Kongo Nayo Ilikuwa na Antwerp Yake
Wamarekani wana Paris yao kule Texas; Kongo ilikuwa na Antwerp. Boti inayopanda mto kutoka Mbandaka kuja Kisangani hupita Makanza kabla ya kufika Lisala. Mbelgiji Camille Coquilhat alianzisha kituo hapo mwaka 1884, kikaitwa Bangala, kisha kikabatizwa Nouvelle-Anvers, yaani Antwerp Mpya. Heshima ya ajabu hiyo: Antwerp yenyewe ndiyo bandari ya Ubelgiji iliyopokea shehena za mpira na pembe za ndovu zilizotoka huku kwetu. Kisangani nayo ilibebeshwa jina la mtu, Stanleyville. Askari wa miavuli wa Ubelgiji walipotua kwenye uwanja wa ndege wa Simi-Simi mjini humo, Novemba 24, 1964, jina hilo lilikuwa bado halijafutwa. Lilifutwa 1966.