SAA YENYE DUARA MBILI



Wengi wenu mmepita karibu na darasa letu siku za Jumamosi mkaona watu wanane wameinamia sinia moja, hakuna anayesema. Mama mmoja alituuliza kama tunachambua mchele. Hapana, mama. Tulikuwa tunaunda saa ya mkono. Kazi imekwisha, saa inatembea, na leo tunawapa habari yake yote pamoja na makosa yetu.

Jambo lilivyoanza

Kuna mama wa mtaa wetu ambaye mtoto wake anaumwa macho. Alipewa karatasi ya kwenda hospitali, na juu yake imeandikwa 8:00. Mama akasoma saa nane. Siku ile akamwogesha mtoto, akafunga viazi vya njiani, akafika kwenye gari saa saba na nusu mchana, mapema kabisa. Akakuta uwanja mtupu. Gari lilikuwa limeondoka saa mbili asubuhi, ambayo kwa hesabu ya Kizungu ndiyo 8:00. Safari nyingine walipewa baada ya wiki kumi, na wiki kumi kwa jicho la mtoto si kitu kidogo.

Mama huyo alikuja shuleni na saa ya marehemu mume wake imefungwa kwenye kitambaa. Ilisimama siku walipovuka ziwa. Akatuambia, “Waalimu, mukiniponyesha hii saa, sitakosa gari tena.”

Tulimpeleka kwa mzee wetu fundi saa, yule anayekaa chini ya mwembe karibu na soko. Mzee akaigeuza, akaitia sikioni, akasema, “Vijana wangu, hii naweza kuiamsha. Lakini hata ikiamka, mama atakosa gari tena. Shida yake siyo saa. Shida ni hesabu mbili.”

Kumbe ni kweli. Sisi tunahesabu saa toka jua linapochomoza. Huku kwetu karibu na Ikweta jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo hesabu yetu haina tabu. Hesabu ya Kizungu inaanza katikati ya usiku. Tofauti ni saa sita. Mshale mfupi ukielekea 8, mdomo wa Mswahili unasema mbili. Mtu aliyezoea haoni shida, lakini mtu aliyepewa karatasi tu atajuaje kama ni saa ya nani?

Basi tukakata shauri. Tutaunda saa yenye uso wa namba mbili mbili: duara la nje namba za Kizungu, duara la ndani namba za Kiswahili. Penye 8, ndani pawe 2. Penye 1, ndani pawe 7. Mzee alikubali kutufundisha, kwa sharti moja: kazi tufanye sisi, yeye akae aangalie.

Ndani ya saa mna nini

Saa ya kutia ufunguo haina betri. Nguvu yake ni ya vidole vyako. Ukizungusha kile kifungo cha pembeni, unakunja utepe mrefu wa chuma uliofichwa ndani ya kikopo kidogo. Hiyo ndiyo springi kubwa. Inataka kujikunjua, na katika kujikunjua inasukuma magurudumu yenye meno, moja linasukuma jingine. Gurudumu la katikati linazunguka mara moja kwa saa nzima. Gurudumu la sekunde linazunguka mara 60 katika muda huohuo.

Kama hakuna wa kuzuia, springi ingejikunjua yote kwa mara moja, na siku nzima ingekwisha kabla hujafumba jicho. Ndiyo maana kuna kizuizi. Mzee anakiita nanga, kwa sababu kina umbo la nanga ya mtumbwi. Nanga inaachia jino moja, inakamata, inaachia jingine. Huo ndio mlio wa tik tik. Anayeiamuru nanga ni gurudumu la mizani, linalokwenda mbele na kurudi nyuma kwa msaada wa springi ndogo nyembamba kama unywele.

Mashine tuliyokuwa nayo inapiga mara 5 kwa sekunde. Watoto wa darasa la tano walifanya hesabu ubaoni: 18,000 kwa saa moja, 432,000 kwa siku moja. Moyo wako haupigi hivyo hata ukikimbizwa na simba.

Ndani mna vijiwe vyekundu 17 pia. Ni rubi zilizotengenezwa kiwandani, hazina bei kubwa. Ncha za magurudumu zinazunguka ndani yake ili chuma kisilane na chuma.

Kazi yenyewe na makosa yetu

Saa ya marehemu ilikuwa imeingia maji kupitia kwenye kifungo. Kutu ilikula springi kubwa na kijiti cha kutilia ufunguo. Ganda lilikuwa zima, magurudumu mazima. Mzee analo kopo la saa zilizokufa, na humo tukapata ndugu yake, mashine ya aina ileile. Hili ni jambo la kukumbuka: uso wa saa una miguu miwili midogo nyuma, inayoingia kwenye matundu ya mashine. Mashine ikiwa ya aina nyingine, miguu haipati matundu. Vilevile mishale: tundu likiwa kubwa au dogo kidogo tu, haikai.

Somo la kwanza lilikuwa kuondoa nguvu kabla ya kufungua. Springi iliyokunjwa ikiachiwa ghafla inaweza kuvunja meno ya magurudumu. Unasukuma kizuizi chake kwa ncha ya bisibisi, huku vidole vinashika kifungo, unakiacha kirudi polepole. Halafu unatoa gurudumu la mizani, kisha nanga, kisha mengine. Kila kitu tulikichora kwenye daftari kabla ya kukigusa, na kila skrubu ikawekwa juu ya mchoro wake.

Kosa la kwanza: skrubu iliruka. Kijana aliibana sana kwa kibano, ikapaa kama panzi. Sakafu yetu ni udongo. Tulifagia chumba chote, tukachekecha vumbi kwa chekecheke la unga, hakuna. Mmoja wetu akaleta sumaku ya spika ya redio iliyokufa, akaipitisha juu ya vumbi, na skrubu ikaja! Tulishangilia. Mzee hakushangilia. Alisema, “Toeni hiyo sumaku nje haraka.” Springi ile ndogo ikishikwa na sumaku, mizunguko yake inagandana, na saa inakwenda mbio kama imechanganyikiwa. Toka siku hiyo tunatandika shuka jeupe chini ya meza.

Kosa la pili lilikuwa mafuta. Tuliosha vyuma kwa petroli kidogo, mchana, nje, mbali na jiko na sigara. Hapo tulikuwa sawa. Lakini mmoja wetu akatia mafuta ya cherehani kwa wingi, akidhani akizidisha anasaidia. Mafuta yakaenea mpaka kwenye springi ndogo. Ikabidi tuoshe tena vyote. Mzee alituonyesha: unachovya ncha ya sindano kwenye mafuta ya saa, unagusa kijiwe, basi. Mafuta ya kupikia ndiyo msitie kabisa, yanageuka gundi.

Kosa la tatu lilituuma zaidi. Tulitaka kukwangua uso wa saa ya marehemu ili tuandike namba zetu. Tulikwisha kuushika msasa. Ndipo mwanafunzi mmoja akauliza, “Mama amekubali?” Hatukuwa tumemwuliza. Tukatuma mtu. Mama akaja mwenyewe, akatuambia, “Huo uso ndio alikuwa anauangalia kila asubuhi. Musiufute.” Tuliona haya sana. Tukachukua uso wa ile saa ya kopo, na ule wa marehemu tukaufunga kwenye karatasi safi tukamrudishia.

Mwandishi wa namba alikuwa binti wa darasa la saba mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi walimu. Aliandika mara nne na kufuta mara tatu. Mara ya kwanza rangi nyeupe ilikuwa nene, mshale mfupi ukakwaruza, saa ikasimama. Mwisho rangi ikawa nyembamba, namba za nje nyeusi, za ndani nyekundu.

Siku ya kufunga, tulirudisha kila kitu kwa kufuata daftari toka mwisho kwenda mwanzo. Tulipoweka gurudumu la mizani na kukaza daraja lake, lilitikisika mara moja likakaa kimya. Mzee akasema tuzungushe kifungo kidogo. Tukazungusha. Likaanza kwenda lenyewe, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Darasa zima lilipiga kelele mpaka walinzi wakaja kuuliza kuna nini.

Saa zilitengenezwa pia na wakimbizi

Wengine mtasema: hii ni kazi ya viwanda vya Ulaya, sisi wa mahema tunaiweza wapi? Sikilizeni. Mji wa Geneva nchini Uswisi unasifika kwa saa duniani kote. Katika karne ya 16 Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia mateso ya dini waliingia Geneva, na kati yao walikuwamo mafundi wa saa. Wengine walikimbia tena baada ya mwaka 1685, mfalme Louis wa 14 alipowafutia haki ya kuabudu. Walikuja na ujuzi kichwani na mikononi. Huo hauzuiwi mpakani.

Katika milima ya Jura wakulima walikuwa wanatengeneza vipande vya saa nyumbani kwao wakati wa baridi, shamba likiwa chini ya theluji. Na Antoni Patek, ambaye jina lake bado liko kwenye saa za bei kubwa sana, alikuwa askari kijana wa Poland aliyeikimbia nchi yake baada ya maasi ya 1830 na 1831 kushindwa. Alianza kampuni ya saa huko Geneva mwaka 1839 pamoja na mwenzake.

Siku hizi kuna watu nchi nyingi wanaounda saa mezani kwao kwa kujifurahisha. Wananunua mashine nzima, ganda, uso na mishale, wanaunganisha wapendavyo. Sisi hatukununua ila rangi, petroli kidogo na mkanda.

Inakwenda sawa?

Siku ya kwanza ilizidi dakika nne. Karibu na gurudumu la mizani kuna kimshale cha kurekebisha: upande mmoja unaongeza mwendo, upande mwingine unapunguza. Tulikisogeza kidogo sana kila siku na kulinganisha na redio. Baada ya siku tisa ilikuwa inapotea sekunde 20 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo inakosea sekunde moja katika kila 4,320. Sisi tuliosahihisha mitihani yenu tunasema hiyo ni alama nzuri.

Hatutawadanganya: saa ya betri ya bei rahisi inaishinda. Kijiwe chake kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Simu nayo inaonyesha saa vizuri. Lakini betri ikifa na simu ikikosa chaji, hii yetu inataka vidole tu, kila asubuhi, saa ileile.

Tulimkabidhi mama saa yake mbele ya wanafunzi. Aliivaa, akaiangalia kwa muda, akaweka kidole penye 8, akasema, “Mbili.” Kisha akatoa karatasi mpya ya mtoto kwenye kitambaa. Imeandikwa 7:30. “Saa moja na nusu asubuhi,” akasema. Safari hii alifika watu wa gari bado wanakunywa chai. Mtoto amekwisha kuonwa na daktari, anatumia dawa, anatakiwa kurudi tena.

Ya kushika nyumbani

Ukipewa karatasi yenye saa, usiondoke bila kuuliza mambo mawili: ni asubuhi, mchana au usiku? Ni hesabu ya Kizungu au ya Kiswahili? Saa haiwezi kukuulizia.

Kugeuza ni rahisi. Namba ya Kizungu ikizidi 6, toa 6: 7:00 ni saa moja, 8:00 ni saa mbili, 9:00 ni saa tatu. Ikiwa 6 au chini yake, ongeza 6: 1:00 ni saa saba, 2:00 ni saa nane, 6:00 ni saa kumi na mbili. Ukiona 14:00, toa 12 kwanza upate 2, halafu ongeza 6: saa nane mchana. Wafundisheni watoto kwa kuchora duara mbili kwenye mchanga.

Mwenye saa iliyokufa asiifungue kwa kisu. Ailete Jumamosi, saa tisa alasiri, yaani 3:00, katika darasa la mwisho upande wa kisima. Tutamwuliza kwanza anataka kibaki nini na kibadilishwe nini, na jibu lake tutaliandika kwenye daftari kabla ya kushika bisibisi.

Sisi walimu wenu wa kujitolea, pamoja na wanafunzi wa Jumamosi.