Kinundu cha Mvuvi Kisichopona

Maumivu ya mwiba wa tasi huja papo hapo, na mvuvi wa Msimbati hahitaji kuelezwa. Lisilojulikana sana ni lile linaloweza kufuata wiki mbili hadi sita baadaye, jeraha likiwa limekwisha kusahauliwa: kinundu kigumu kidoleni, chenye maumivu kidogo tu, ambacho hupasuka polepole kuwa kidonda. Wekundu wake huenda usionekane kwenye ngozi nyeusi. Pengine vinundu vingine hupanda mkononi kwa mstari, vikifuata njia ya limfu.

Msababishi mmojawapo ni Mycobacterium marinum, bakteria wa majini aliye ndugu wa yule wa kifua kikuu na yule wa ukoma. Hustawi katika joto la nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi. Ndiyo maana hukaa vidoleni na kwenye viwiko, na kwa kawaida hafiki mapafuni.

Udugu huo ndio unaotutia makosani. Hadubini ikimwonyesha, ni rahisi mno kumwambia mgonjwa kwamba ana ukoma, naye akarudi kijijini na jina lisilofutika upesi. Kabla ya hapo, gusa ngozi kwa unyuzi wa pamba: baka la ukoma hupoteza hisia. Ni rahisi pia kumwanzishia dawa za kifua kikuu, ilhali isoniazidi na pirazinamidi hazimdhuru bakteria huyu. Na GeneXpert ikitoa jibu hasi, shaka haijaondoka, kwani kipimo hicho humtafuta bakteria wa kifua kikuu.

Basi uliza kazi. Kadi huandikwa “mkulima” hata kwa mwanamke anayeokota chaza kwenye mikoko ya mlango wa Ruvuma kila maji yanapokupwa. Kata kipande kidogo cha ngozi, kisha andika kwenye fomu ya maabara kwamba sampuli ioteshwe katika nyuzi 30 pia. Kwenye nyuzi 37 huenda isiote chochote.

Tiba ya kawaida ni klarithromaisini pamoja na ethambutoli au rifampisini, mara nyingi kwa miezi 3 hadi 4, na haikatishwi siku kinundu kinapotoweka. Rifampisini hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kufubaza VVU, hakiki kwanza. Kidole kizima kikivimba na kushindwa kukunjika, huenda kano zimeguswa, na rufaa isingoje.

Ewe mgonjwa, ugonjwa huu hauambukizwi kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja. Funika kidonda, kaa nje ya maji mpaka kifunge, na utakaporudi kutegua dema vaa glavu nzito.