Stesheni Kongwe Zihifadhiwe Pamoja na Maneno Yake

Ninapowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza jinsi maneno yanavyohama kutoka lugha moja hadi nyingine, aghalabu huanza na neno garimoshi. Gari tulilipata kwa Wahindi. Moshi ni neno letu la Kibantu. Katika neno hilo moja wamekutana wale wale waliokutana kazini reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na takribani 2,500 miongoni mwao walifariki.

Nairobi yenyewe ni mtoto wa reli hiyo. Ilipofika hapa Mei 1899, wahandisi walitua, kwani mbele yao palikuwa na mwinuko mkali wa kuelekea Kikuyu na Bonde la Ufa. Uwanda huu ulifaa kwa karakana na kwa kupangia mabehewa. Maji baridi ambayo Wamaasai waliyaita Enkare Nairobi yakawa jina la stesheni, kisha la jiji. Makao ya wafanyakazi, yaliyoitwa landi kwa Kihindi, yamebaki katika jina la Landimawe, ambalo limeundwa sawa na garimoshi.

Msomaji mpenzi, ukipanda treni ya kwenda Kikuyu utakuwa unafungua kamusi. Kibera imetokana na kibra, yaani msitu kwa Kinubi, lugha ya wazawa wa askari wa Kisudani waliopewa makao huko na serikali ya kikoloni. Huko Kikuyu nako kuna Thogoto, jina ambalo wenyeji waliliunda kutokana na wamishenari wa Kiskoti.

Stesheni ndogo za reli hii zilijengwa kwa ajili ya kazi, wala si fahari: nyumba ndogo, baraza, paa lililotokeza ili kumkinga abiria na mvua, dirisha la tikiti, na ubao wa jina ulioonyesha kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, unyenyekevu huo wa ujenzi usitudanganye. Safari iligawanywa kwa madaraja, na kwa desturi la kwanza likawa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la Waafrika.

Januari 1955, wakati wa Hali ya Hatari, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kijana aliyepata nafasi katika Shule ya Alliance. Pale stesheni ya Limuru alizuiwa kupanda treni ya abiria kwa kukosa kibali cha kusafiri hadi Kikuyu, mwendo wa maili zipatazo 12 tu. Msaidizi wa stesheni masta ndiye aliyemwokoa kwa kumpakia katika treni ya mizigo, kama alivyosimulia mwenyewe katika kitabu chake, Dreams in a Time of War. Mwandishi huyo, aliyefariki Mei 2025, nusura akose shule kwa sababu ya karatasi moja.

Tangu Desemba 2022, ulipozinduliwa mpango wa kujenga upya eneo la stesheni kuu ya Nairobi, suala la majengo ya kale limekuwa la dharura. Sipingi treni bora. Wakazi wa Kibera na Kikuyu wanaihitaji. Wapo wasemao kwamba jengo la mkoloni halistahili machozi. Tena vijana waliong'oa reli Kibera mwaka 2008 walituonyesha kwamba wengi hawaioni kuwa yao. Jibu langu ni kwamba kubomoa hakufuti ukoloni. Hufuta ushahidi wake.

Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yanahifadhi injini na mabehewa. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Majengo ya stesheni yakarabatiwe na kutumiwa. Limuru na Kikuyu ziwekewe vibao vya Kiswahili na Kikuyu vinavyoeleza yaliyotukia hapo. Nasi wa vyuo vikuu tuwatume wanafunzi wetu wakanakili msamiati wa wazee waliostaafu kazi ya reli. Injini iliyokufa yaweza kupakwa rangi na kusimamishwa makumbushoni; mzee akifa na maneno yake, hakuna karakana iwezayo kuyafufua.