Kituo cha kuchambua takataka Nundu: ndoo mbili kwanza, mashine baadaye



Katika vijiji vya Nundu, kandokando ya barabara ya Uvira kwenda Baraka, takataka za nyumbani zinaishia kwenye shimo, kwenye moto au mtoni. Zikifika mtoni, mvua inazisukuma mpaka Ziwa Tanganyika, kule tunakovua ndakala na kuchota maji. Huku shambani, udongo wa muhogo unachoka msimu kwa msimu. Kituo cha kuchambua takataka kinaweza kusaidia pande zote mbili, kikipangwa vizuri. Kikipangwa vibaya, koperative itabaki na mashine yenye kutu pamoja na deni.

Ndani ya takataka kuna nini?

Ripoti ya Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 inaonyesha kwamba takataka za miji ya Afrika kusini mwa Sahara ni asilimia 57 vitu vya kuoza, na plastiki ni asilimia 13 tu. Mwaka huohuo Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mtu mmoja anatupa karibu gramu 460 kwa siku. Kijijini ni chini ya hapo, maana maganda mengi yanaliwa na mbuzi.

Sasa tuseme kuna nyumba 100 zenye watu sita kila moja. Kwa kipimo hicho zinatoa kilo 276 kwa siku. Kilo 157 ni za kuoza: maganda ya muhogo na ndizi, mabua ya sombe, mabaki ya samaki. Plastiki ni kilo 36. Vitu vya kuoza vikigeuka mboji vinapungua karibu nusu, kwa hiyo kwa mwezi tunapata tani mbili na zaidi. Mboji haihitaji lori, kwa sababu mnunuzi wake ni sisi wenyewe. Plastiki ya mwezi mzima ni tani moja hivi, na inangoja mnunuzi wa mbali na barabara isiyokatika. Basi mnaona kazi ianzie wapi.

Hatua za kupanga

1. Pimeni. Chagueni nyumba 30, za mlimani na za ufukweni. Kwa wiki moja pimeni kila siku kwa mizani ya soko, kila aina peke yake. Rudieni wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Hesabu hiyo ni ya Nundu, si ya bara zima, na ndiyo itakayosema ukubwa wa kituo.

2. Tenganisheni nyumbani. Ndoo moja ya kuoza, ndoo nyingine ya vikavu. Sashe iliyokwisha kulowa mchuzi hainunuliwi, na mboji yenye vipande vya chupa inakata mikono ya wanaolima. Betri ziwekwe mbali. Sindano na bandeji za hospitali zisipokelewe kabisa.

3. Chagueni kiwanja. Kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisima, na mbali na mto. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yaliingia nyumbani mwa watu Uvira na Baraka, kwa hiyo ufukwe si mahali pa kujenga. Paa la kuzuia mvua, sakafu ngumu, majembe na pusupusu vinatosha kuanza.

4. Tengenezeni mboji. Lundo liwe na kimo cha mita moja na upana wa mita moja na nusu. Liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Ndani lipate joto la nyuzi 55 na zaidi, kisha ligeuzwe. Baada ya miezi mitatu hivi iko tayari. Migomba yenye ugonjwa wa mnyauko isiingie, isije ikarudisha ugonjwa shambani.

5. Tafuteni mnunuzi kabla ya kukusanya plastiki. Bidoni na beseni zilizovunjika zina soko kuliko sashe nyembamba. Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini amri peke yake haiokoti sashe njiani.

Nani atalipa?

Swali hili lijibiwe na mkutano mkuu, si na mfadhili. Mapato ya mboji yanaweza yasitoshe kulipa wakusanyaji, ambao wanahitaji pia buti, glavu na chanjo ya pepopunda. Afadhali kila nyumba ichange franka kidogo kwa mwezi, na asiye nazo achangie siku ya kazi. Huko Bonyokwa, Dar es Salaam, wakusanyaji wamejiunga katika ushirika kwa msaada wa shirika la Nipe Fagio: wanapita nyumba kwa nyumba, wanachambua, na vya kuoza wanafanya mboji.

Kuchanganya kila kitu nako kuna bei yake. Tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa takataka wa Kiteezi, Kampala, uliporomoka ukaua watu zaidi ya 30. Nundu haina mlima kama huo, na ndiyo maana huu ni wakati mzuri wa kupanga.

Kabla ya mkutano ujao, kila kamati ifike na kitu kimoja tu mkononi: daftari la kilo za nyumba 30. Mazungumzo ya mashine yangoje daftari hilo.